Karatasi Katikati ya Mbao

Shangazi yangu hakuwahi kuacha kutikisa vitu. Akiinjika sufuria mekoni, aliishika kingo na kuitikisa kidogo, kisha akaiuliza, "Umekaa?" Aliuliza ndoo ya maji, aliuliza ngazi, aliuliza begi langu siku niliyohamia kwake kuanza chuo, baada ya kulisukumia juu ya kabati. Mgeni akipewa kiti, Shangazi alizunguka nyuma, akashika mgongo wa kiti na kukitikisa pamoja na aliyekikalia. Baadhi ya wageni walidhani wanafukuzwa.

Alikuwa mchonga nakshi. Alitia maua na majani kwenye fremu, vichwa vya vitanda, migongo ya viti, na mtu anayefanya kazi hiyo ana adui mmoja tu: mbao inayochezacheza. Mbao ikisogea hata kidogo, patasi haikufuati tena, inajiendea. Ndiyo maana alitikisa. Mazoea ya kazini aliyachukua mpaka nyumbani, na kwa kuwa alikuwa mjane asiye na mtu wa kumwambia aache, hayakumtoka.

Watu wa mtaani walimwita Bi Kabari. Kabari ni kile kipande cha mti chembamba mbele, kinene nyuma, kinachogongwa kwenye nafasi ili kukaza kitu. Shangazi alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na akishaingiza neno kwenye mazungumzo yako hukuweza kumtoa. Jina hilo alilipata kwa Bwana Pima, seremala aliyepanga naye karakana moja.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba kirefu kilichowahi kuwa duka la matairi. Ukutani yalibaki maduara meusi, na Bwana Pima alitundika misumeno yake katikati ya maduara hayo kwa mpangilio, kila mmoja na duara lake. Yeye alipima kila kitu. Alipima milango ya watu kwa macho akipita barabarani. Alipima chai kwenye glasi kwa kidole chake cha shahada, na ikipungua aliirudisha. Watu walipomtania Shangazi kwamba aolewe naye, maana wote wawili walikuwa wapweke na wanashinda pamoja, alijibu, "Mtu anayepima chai, mapenzi si atanipa kwa kijiko?"

Bwana Pima alikuwa na jiliwa kubwa la chuma mwisho wa meza yake, lile linalozungushwa mpini na taya zake zikabana mbao mpaka isiweze kutikisika. Shangazi hakuligusa. Yeye alikaa kwenye kigoda, akaishika kazi katikati ya nyayo zake, mkono wa kushoto juu yake, na kidole gumba cha mkono huo kikitembea mbele ya patasi, kikipapasa njia.

"Chuma hakina adabu," alikuwa akisema. "Kinabana tu, hakiulizi. Mimi nikiishika mbao tunaelewana."

"Na siku msipoelewana?" Bwana Pima aliuliza.

"Hujawahi kuiona."

"Nikiiona nitacheka mpaka nilale chini."

Alipoiona hakucheka. Ilikuwa asubuhi ya kawaida, Shangazi anachonga mguu wa kistuli, kazi ambayo angeweza kuifanya huku anapiga soga. Nyayo zilikuwa na jasho. Mguu wa kistuli ukazunguka, na bobari, patasi ile yenye ncha iliyopinda kama ukucha, ikapita chini ya kidole gumba cha kushoto na kuingia ndani. Bwana Pima alivua shati lake, akamfunga mkono, akamsindikiza zahanati akiwa na fulana, naye ni mtu ambaye hatukuwahi kumwona bila kufunga vifungo vyote.

Jeraha lilishonwa vizuri na lilipona vizuri. Lakini ukano wa kidole gumba ulikuwa umekatika, na kidole kikabaki kimenyooka. Mkono wa kushoto uliweza kubeba kapu. Uliweza kufuta meza. Kushika kitu na kukibana, haukuweza tena.

Baba yangu, ambaye ni kaka yake mkubwa, alitengeneza chumba cha mbele nyumbani kwetu, mji mwingine kabisa, akapaka rangi mpya, akanipigia simu. "Mwambie aje apumzike. Amefanya kazi vya kutosha. Na wewe usimwambie kama mtu anayeomba, mwambie kama umetumwa."

Nilimwambia kama nimetumwa. Shangazi alikuwa anamenya viazi kwa kuvigandamiza kwenye ubao kwa kiganja, maana hakuweza kuvishika.

"Mwambie kaka nimesikia," alisema. "Nina fremu ya fundi cherehani. Nikiimaliza kwa mikono yangu, nabaki hapa. Nikishindwa, nitakuja, na nitakuja na kitanda changu, asihangaike kununua kingine."

Ikawa hivyo. Baba alisema kwenye simu, "Sawa, fremu," kwa sauti ya mtu anayemsubiri mtoto amalize kulia.

Fremu hiyo ilikuwa ya kioo kirefu cha wateja kujitazama wanapojaribu nguo. Fundi cherehani alikuwa na duka hatua chache kutoka karakana, mwanamke mwenye mdomo na moyo mkubwa kwa kiasi sawa, na alitaka nguzo mbili za pembeni zenye mzabibu unaopanda, na juu yake taji: kipande chembamba chenye majani na vitumba, kilichotobolewa katikati ya majani ili mwanga upite.

Bwana Pima hakusema maneno mengi ya kufariji. Alimtengenezea meza. Ilikuwa na matundu ya kuchomeka vigingi, ili mbao ilale katikati ya vigingi na kukazwa kwa kabari pembeni. Kulikuwa na mkanda wa turubai pia, unaopita juu ya kazi na kushuka kupitia tundu hadi kwenye kibao cha kukanyaga. Ukikanyaga, mkanda unakaza. Ukiinua mguu, unalegea.

Shangazi aliitazama siku nzima kabla ya kuikaribia.

"Sasa nashikiwa kazi," alisema, "kama mtoto anayeshikiwa kikombe."

"Mtoto anakunywa lakini," Bwana Pima akamjibu, akaendelea kupiga randa.

Akajifunza. Alijifunza kwamba kabari haigongwi kwa nguvu, inagongwa mpaka sauti yake ibadilike, kutoka sauti ya vitu viwili hadi sauti ya kitu kimoja. Alijifunza kupumzisha mguu bila kulegeza mkanda. Nguzo za pembeni zilikwenda taratibu mno mwanzoni, kisha si taratibu sana. Nikitoka chuoni nilipita kumletea chakula na kumkuta amesimama. Maisha yake yote alikuwa amefanya kazi ameketi. "Nimekuwa mrefu uzeeni," alisema.

Lakini taji halikuweza kukazwa kwa kabari. Kingo zake zote ni ncha za majani, na jani ukilisukuma kwa kabari linavunjika. Mkanda nao ungefunika kile anachotaka kuchonga. Hapo alikumbuka jambo alilowahi kuliona ujanani na kulidharau, akiliita ujanja wa wavivu. Unachukua ubao wa bei nafuu, unapaka gundi, unalaza karatasi ya gazeti, unapaka gundi tena, halafu unabandika juu yake kazi yako. Ubao ndio unaobanwa mezani. Kazi yenyewe inabaki huru, haiguswi na kitu. Ukimaliza kuchonga, unapenyeza kisu kipana chembamba chini yake, na karatasi inachanika katikati, nusu inabaki huku na nusu kule.

Alijaribu kwanza kwa ua dogo. Bwana Pima hakuwapo siku hiyo, alikuwa amekwenda kufunga madirisha kwa mteja, kwa hiyo shahidi nilikuwa mimi tu. Aliingiza kisu. Kikasikika kile kimchakacho cha karatasi inayofumuka polepole, na ua likamwangukia kiganjani. Shangazi alicheka. Nilikuwa sijasikia kicheko hicho tangu aumie.

Siku ya kubandika taji lenyewe alitakiwa zahanati kufanyishwa mazoezi ya mkono, na kupaka gundi eneo kubwa kabla haijakauka kunataka mikono miwili mizima. Akamwomba Bwana Pima. "Nibandikie taji juu ya ule ubao mweupe. Kila kitu nimekiacha mezani." Na kweli alikiacha: ubao, gundi, brashi, taji, na gazeti alilolikata kwa umbo la taji na kulilaza juu ya ubao.

Aliporudi, kazi ilikuwa imebanwa pande zote kwa vibanio. Bwana Pima alikuwa ananawa mikono kwa furaha.

"Nimekubandikia," alisema. "Hata wembe hauingii."

"Ahsante, bwana," Shangazi akasema. Aliona anaisifu kazi yake tu.

Alichonga taji hilo kwa wiki nyingi, na nadhani ndiyo kazi nzuri kuliko zote alizofanya. Taji lililala kwenye ubao wake bila kutetereka, na mikono yake, hata ule wenye kidole kilichonyooka, ilikuwa huru kuelekeza patasi. Majani yalikunjika ncha kama yanavyokunjika kweli mchana wa jua. Baba alipiga simu, akauliza fremu imefika wapi. Fundi cherehani alipita kila mara kusimama mlangoni na kulalamika.

"Bi Kabari, wateja wangu wanajitazama kwenye dirisha la muuza simu. Yule kijana siku hizi hafanyi kazi, anatazama tu."

"Mwambie alipe kiingilio."

Ikafika Jumamosi ya kulibandua. Nilikuwapo. Shangazi alipuliza vumbi, akachukua kisu kipana, akatafuta pa kuanzia kwenye kona ya kushoto. Hakikuingia. Akajaribu kulia. Akajaribu juu, chini ya kitumba kikubwa. Kisu kilipinda. Akainama, akatazama ule mstari ambapo mbao nyekundu ya taji inakutana na ubao mweupe, akautazama muda mrefu sana.

"Bwana Pima," aliita bila kuinua kichwa, "uliweka karatasi?"

"Karatasi ipi?"

"Niliyoiacha juu ya ubao."

"Lile gazeti? Nililitoa. Si ulilifunika kuzuia vumbi?" Alikuja akifuta mikono. "Lingeharibu gundi. Mbao na mbao zinataka kugusana, kitu chochote katikati ni uchafu. Kwani vipi?"

Alikuwa anasema kweli. Tangu ujana wake kazi yake ilikuwa kuunganisha vitu visiachane, na alikuwa bingwa. Hakuna seremala mwingine mtaani ambaye angeifanya kazi ile vizuri vile.

"Karatasi ndiyo ingelitoa taji," Shangazi akamweleza. "Kisu kinapita kwenye karatasi."

Bwana Pima akaketi juu ya lundo la mbao. Akatazama mikono yake. Kisha akasema yanayosemwa: tulipashe moto, tulitie mvuke, gundi italainika. Shangazi akatikisa kichwa. Majani yalikuwa membamba mno, mvuke ungeyapinda yote. Msumeno? Msumeno ungeingia wapi, na ukigusa jani moja?

Hakuna aliyepaza sauti. Mimi nilikuwa nimeshika chombo cha chakula ambacho sikujua pa kukiweka.

"Mwambie baba yako," Shangazi akaniambia, "hicho chumba kama hakina dirisha la upande wa barabara, atoboe moja."

Fundi cherehani alitukuta hivyo. Alikuwa amekuja na maneno yake tayari, akayameza. Alielezwa. Akalizunguka lile taji kama mtu anayezunguka nguo iliyoharibiwa na mvua.

"Kwa hiyo kinachowasumbua ni hiki cha nyuma."

"Ndiyo."

"Si mkimalize?"

"Kumaliza vipi, dada?" Bwana Pima akauliza kwa unyonge.

"Mimi bitana ikigoma kutoka kwenye koti la mtu, sivuti, nitachana koti. Naligeuza kwa nyuma, naimaliza uzi kwa uzi mpaka haipo. Hiki si bitana tu ya mti? Kigeuzeni."

Bwana Pima akainua uso. "Randa," alisema. "Nikiupiga randa ubao wote kwa nyuma. Mpaka uishe."

"Na uso utalala wapi?" Shangazi akauliza. "Uligeuze hivi, lilalie majani? Mkandamizo mmoja wa randa na yamekuwa unga."

Lakini alikuwa ameshaanza kufikiri, nilimwona. Alitembea mpaka mlangoni, akatazama chini ambapo mafundi wa jirani walikuwa wamemwaga mchanga wa kujengea. Akauchota kwa kiganja cha kushoto, ukapita pembeni ya kile kidole kilichonyooka.

"Fundi, una kitambaa kigumu?"

"Nina cha magodoro."

"Nishonee mfuko. Mpana kuliko hili taji, usiojaa sana. Mchanga uchekechwe kwanza, usiwe na kokoto hata moja."

Mfuko ulishonwa alasiri ileile. Taji likageuzwa na kulazwa kifudifudi juu ya mchanga, na Shangazi akalisukuma taratibu, akilitikisa, mpaka mchanga ukaingia chini ya kila jani na kila kitumba kikapata kitanda chake. Kabari pembeni, kwenye ubao si kwenye majani. Hata hivyo ubao ungepungua na kabari zingebaki bila cha kushika. Kuanzia hapo ilibidi mtu alishike taji kwa mikono.

"Nitashika mimi," Shangazi akasema.

Aliweka viganja vyake viwili juu ya ubao, bapa, kila kimoja kwenye ncha yake. Hakuhitaji kubana. Alihitaji uzito tu, na uzito alikuwa nao.

Bwana Pima alinoa randa mara mbili. Akapitisha. Maranda meupe yakaanza kutoka, membamba, yakijikunja na kuangukia miguuni pao. Kila baada ya muda alichukua rula.

"Bado kuna—"

"Weka rula chini," Shangazi akamwambia. "Upande wangu wa kushoto umekuwa mwepesi. Nenda kulia."

"Umejuaje?"

"Ubao unatetemeka. Kulia nakuambia."

Akaenda kulia. Waliendelea hivyo mpaka jua likahama kutoka dirisha moja kwenda jingine, yeye akisukuma, Shangazi akisema kidogo, acha, rudi, hapo hapo, polepole we mzee hukimbizwi na mtu. Fundi cherehani alikataa kurudi dukani. Kisha ubao mweupe ukawa kama ngozi ya kitunguu, na katikati ya majani ukaanza kupasuka wenyewe, tundu baada ya tundu, na ndani ya tundu tukaona kitambaa cha godoro chenye mistari ya bluu.

Ncha ya jani moja ilivunjika. Sote tuliisikia. Bwana Pima akafumba macho.

"Endelea," Shangazi akasema.

"Jani."

"Nimesikia. Endelea."

Walipolinyanyua taji na kuligeuza, lilikuwa jepesi kiasi cha kushangaza, jekundu mbele na jekundu nyuma, na mwanga ulipita. Shangazi alipapasa pale ncha ilipokatika. Alitaka kulichongea jani jingine la kubandika, lakini fundi cherehani alikwisha kulikumbatia.

"Acha hivyohivyo. Kwangu hakuna mtu anayetazama huko juu. Wote wanatazama viuno vyao."

Fremu ilivushwa barabara na watu wawili, Bwana Pima mbele, Shangazi nyuma akiibeba juu ya mikono iliyokunjwa viwikoni. Nikampigia baba. Nilitaka kumweleza kwa mpangilio, nikashindwa, Shangazi akaninyang'anya simu.

"Kaka, hicho chumba pangisha. Ndiyo. Hapana, sijachoka. Rangi ni nzuri, nimeambiwa, utapata mpangaji wa maana."

Tangu siku hiyo Bwana Pima alianza kuweka lundo la magazeti ya zamani chini ya meza yake, na kila alipopaka gundi aliuliza. "Bi Kabari, hapa tunaweka karatasi?"

"Hiyo ni meza, bwana. Unataka iachane na miguu yake?"

"Nauliza tu."

"Usiulize, gundisha."

Nilimaliza chuo, nikapangiwa kazi mbali, na maisha yangu yakawa yale ya kuzungumza na watu kwa simu. Sikuwa na haraka ya kukata. Jioni zangu zilikuwa ndefu na vyumba vyangu vilikuwa kimya kuliko karakana ile. Shangazi aliendelea kuchonga kwa miaka mingi, amesimama, kazi yake imebandikwa kwenye ubao, na nilipompigia mara nyingi nilisikia kwanza randa ya Bwana Pima kisha sauti yake. Alifariki mchana, amejilaza kidogo baada ya chakula. Bwana Pima ndiye aliyenijulisha, na ilimchukua muda kufika kwenye neno lenyewe. Mezani, alisema, kulikuwa na mgongo wa kiti uliofika nusu, na angeubandua mwenyewe, sasa anajua.

Siku chache kabla yake nilikuwa nimempigia Shangazi bila sababu. Tuliongea kuhusu mvua, kuhusu baba na mpangaji wake aliyekataa kuhama kwa kuipenda ile rangi. Kukawa kimya, na mimi nikakiacha kimya kile kiendelee kwa kuwa kilikuwa kizuri, nikimsikia anahema na anasogeza kitu mezani.

"Haya mwanangu," akasema, "kata wewe simu. Mimi vidole vyote vina gundi."